Kihisi cha Dira Kifungwe Wapi? Tahakiki ya Tafsiri Moja ya Maelekezo ya Baharini

Imetufikia, kwa mkono wa fundi mmoja wa mashua wa Wete, kisiwani Pemba, tafsiri ya maelekezo ya kufunga mashine inayoshika usukani wa mashua ya tanga pasipo mkono wa mtu. Ni kurasa nne zilizopigwa chapa, pamoja na asili yake ya Kiingereza. Hazina jina la mfasiri, nasi hatukulitafuta, kwa kuwa makosa yaliyomo si ya mtu mmoja: tumeyaona katika maelekezo ya pampu za maji, ya majokofu ya kuhifadhia chanjo na ya mashine za kukobolea mpunga. Tofauti ni hii, kwamba pampu iliyofungwa vibaya haitoi maji, na mwenye pampu hujua siku ile ile. Dira iliyofungwa vibaya huendelea kufanya kazi. Huonyesha nyuzi, huamrisha usukani, na mwenye chombo hupata habari ya kosa usiku, asikiapo mkuku unakwaruza mwamba.

Mashine yenyewe ina viungo vitatu. Cha kwanza ni kisanduku kidogo, kinachoenea kiganjani, ambacho kazi yake ni kupima mvuto wa sumaku ya dunia. Hiki ndicho kinachojua omo imeelekea wapi. Cha pili ni ubongo wa umeme, unaolinganisha mwelekeo huo na ule alioagiza nahodha. Cha tatu ni mota inayosukuma kana mpaka mielekeo hiyo miwili iwe sawa. Kiungo cha kwanza kikidanganywa, cha pili na cha tatu huutii uwongo huo kwa uaminifu mkubwa. Ndiyo sababu asili ya maelekezo imetenga ukurasa mzima kwa swali moja tu: kisanduku kifungwe wapi? Na huo ndio ukurasa ulioharibika zaidi katika tafsiri.

Tuanze na neno ambalo kila mmoja wetu anadhani analijua. Mfasiri ameandika: "Chombo kifungwe katikati ya chombo, mbali na vyombo vingine." Sentensi hii haina kosa la sarufi hata moja. Lakini ofisini chombo ni kifaa, jikoni ni sufuria na sahani, na pwani chombo ni jahazi, mashua au dau. Mtu wa Pemba asomapo "mbali na vyombo vingine" huviona vyombo vilivyotia nanga bandarini, akashangaa kwa nini kazi hii isifanyike mpaka aende mkondoni peke yake. Asili ilikusudia redio, spika na vifaa vya kupimia kina cha maji. Shauri letu ni kwamba katika maandishi yoyote ya baharini neno chombo waachiwe mabaharia, na kila kinachofungwa ndani yake kiitwe kifaa. Hivyo ndivyo tutakavyofanya hapa.

Kisanduku chenyewe amekiita "sensa ya dira". Mtumishi wa Serikali aliyeshiriki Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, na ambaye mezani pake ipo Dira ya Maendeleo ya Zanzibar 2050, atayasoma maneno hayo na kudhani kuna mpango wa kuhesabu mipango. Kihisi ni neno lililokwisha kuenea, limeundwa kwa kitenzi tunachokijua sote, na hatuoni haja ya kuwa na sensa ya pili. Ama dira, hilo ni neno la mabaharia. Waandishi wa mipango waliliazima kwa maana ya lengo la mbali, na azimo hilo limefana mno hata wenye mali wenyewe wameanza kusema kampasi. Twaona si haki mtu kunyang'anywa neno lake kwa sababu wengine wamelipenda. Angalau mfasiri wetu hakuandika bikari, kosa tulilolikuta kwingine, ambamo nahodha aliambiwa aikague bikari yake kabla ya kung'oa nanga.

Neno linalotutia hofu zaidi ni rubani. Mashine nzima imeitwa "rubani wa kujiendesha", na tunajua kwamba msamiati huu unapatikana katika maandishi mengine pia. Tumekaa nao kwa muda kabla ya kuukataa. Rubani, kwa matumizi ya zamani ya pwani, ni mjuzi wa njia: ndiye anayejua maji yamepwa kiasi gani, mlango wa kisiwa uko wapi, na mwamba gani hufichika yakijaa. Siku hizi neno limepanda angani pamoja na ndege, lakini maana yake haikubadilika sana, kwani angani pia rubani ni mtu mwenye macho na mwenye dhamana. Mashine hii haina macho. Haiioni ngalawa isiyo na taa, haioni wavu, haioni mwamba wa Misali wala visiwa vya Fundo na Njao. Imeambiwa nyuzi fulani na itazishika nyuzi hizo mpaka nchi kavu.

Isitoshe, hata njia haiijui. Mkondo wa Pemba, yaani bahari iliyo kati ya kisiwa na bara, una upana wa kiasi cha kilomita 50, ambazo ni maili 27 za bahari, na maji yake huenda kaskazini mwaka mzima, kwa nguvu zaidi wakati wa kusi. Tuseme chombo kinatoka bara kuja Pemba kwa mwendo wa maili 5 kwa saa, na maji yanakwenda kaskazini kwa maili 2 tu. Kitakapomaliza upana huo, baada ya saa tano na zaidi, kitakuwa kimesukumwa kaskazini zaidi ya maili 10, na omo yake haikupinda hata kidogo. Kihisi kimesema kweli muda wote. Kazi ya kuukisia mkondo ni ya nahodha. Mashine hufanya kazi ya kijana aliyepewa kana mkononi na kuambiwa, "Shika hapo hapo." Kijana huyo ana jina katika Kiswahili: ni mshika usukani. Kwa hiyo twapendekeza "mshika usukani wa mashine". Tunakubali kwamba ni jina refu. Lakini jina la kazi humwonyesha mtu mipaka ya kazi hiyo, na nahodha aliyeambiwa kwamba ana rubani atakwenda kulala.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe la mahali. Asili inataka mambo manne: kihisi kiwe chini, kiwe karibu na katikati, kifungwe juu ya ubao uliosimama wima, na mshale wake ufuate urefu wa chombo. Yote manne yamefasiriwa, na hakuna hata moja lililofika salama.

Mfasiri anasema kihisi kifungwe "mahali pasipo mwendo". Fundi wetu alituambia kuwa aliisoma sentensi hiyo mara mbili akadhani kifaa hiki hufungwa bandarini, kwa kuwa chombo kilichotweka tanga hakina mahali pasipo mwendo. Asili haikusema hivyo. Ilisema mahali penye mwendo mdogo kuliko pengine, na tofauti ya "pasipo" na "penye mdogo" hapa ndiyo kazi nzima. Chombo baharini ni kama pembea: omo na tezi hupanda na kushuka, ncha ya mlingoti huchora pinde kubwa mbinguni, lakini karibu na shina la mlingoti au nyuma yake kidogo, usawa wa maji au chini yake kidogo, mtikisiko hupungua sana. Hapo ndipo panapotakiwa.

Sababu yake haikuelezwa katika tafsiri, ingawa asili imeieleza kwa mistari miwili, na mfasiri anayeacha sababu humwacha fundi bila njia ya kusahihisha kosa la mfasiri. Mvuto wa sumaku ya dunia hauendi sambamba na ardhi isipokuwa katika ukanda mmoja unaoizunguka dunia. Pemba iko kusini ya ukanda huo, kwa hiyo sindano ya dira, ikiachwa huru, huinamisha ncha yake ya kusini. Kihisi cha aina ya zamani huning'inizwa ndani ya kisanduku chake ili kibaki sawa chombo kinapolala upande. Kikipigwa mrama kwa nguvu, hupembea, na kinapopembea hupima pia ule mvuto wa kwenda chini, kikadhani kwamba chombo kimegeuka. Mota husukuma kana kurekebisha kosa ambalo halipo, kisha huirudisha, na chombo kikaandika nyoka majini usiku kucha huku betri ikiisha. Vihisi vya siku hizi vina njia ya kupima mtikisiko wao wenyewe na kuutoa katika hesabu, kwa hiyo huvumilia zaidi mahali pabaya. Chuma havikivumilii, kama tutakavyoona.

Pili, tafsiri inataka kihisi kifungwe "ukutani". Chombo hakina ukuta. Kina mbavu, yaani mataruma, kina mbao za ubavuni ambazo zimepinda, na mashua za kisasa zina ubao uliosimama wima unaokata chumba kimoja na kingine. Huo ndio uliokusudiwa. Tumependekeza kiambaza, na tutarudi kwenye neno hilo mwishoni. Fundi aliyeambiwa ukuta anaweza kwa haki kabisa kukifunga kihisi ubavuni, mahali palipopinda na palipo mbali na katikati.

Tatu, asili yasema mshale wa kihisi uelekee kwa kufuata urefu wa chombo, kutoka tezi hadi omo. Mfasiri ameyachukua maneno mawili ya Kiingereza, kila moja kwa nafasi yake, akaandika "kihisi kifungwe mbele na nyuma". Matokeo yake ni kwamba mwenye mashua alikwisha kuombwa fedha za kununua kihisi cha pili. Hapa wafasiri wenzetu waone jinsi maneno tuliyo nayo yanavyotosha: "mshale uelekee omoni, sambamba na mkuku". Hakuna baharia kuanzia Kiunga hadi Kilwa atakayeuliza swali baada ya hapo.

Nne, kwa upande wa kushoto wa chombo mfasiri ameandika "upande wa demani". Bila shaka alitaka kuandika Kiswahili cha pwani, na nia hiyo tunaisifu. Lakini demani ni upande ambao upepo unaelekea, kinyume chake ni joshini, na pande hizo hubadilishana kila tanga linapogeuzwa. Mtu hawezi kufunga kitu kwa skrubu upande wa demani. Chombo kikibisha tu, kitu hicho kimekwisha kuwa joshini. Neno la kienyeji lililotiwa mahali pasipolo ni hatari kuliko neno la kigeni, kwa sababu msomaji hana shaka nalo.

Twende kwenye chuma. Kihisi hakipendi kukaa karibu na kitu chochote chenye chuma au sumaku: injini, nanga na mnyororo wake, mtungi wa gesi, spika ya redio ambayo ndani yake mna sumaku kubwa, wala karibu na waya unaochukua umeme mwingi. Jahazi letu la misumari lina taabu zake hapa. Mtepe, uliokuwa ukishonwa kwa kamba za kumbi bila msumari, ungekuwa chombo bora kuliko vyote kwa mashine hii, lakini mtepe umekwisha kutoweka baharini. Asili inaagiza skrubu ambazo sumaku haizishiki. Mfasiri ameandika "skrubu zisizoshika kutu". Hayo ni mambo mawili mbalimbali. Shaba haishikwi na sumaku, na ndiyo salama. Vyuma visivyoshika kutu viko vya aina nyingi, vingine huvutwa na sumaku na vingine sivyo, na macho hayawezi kuvitenga. Fundi mwenye shaka aisogeze skrubu karibu na dira ya mkono. Sindano ikicheza, skrubu haifai.

Kuhusu nyaya, asili inataka waya wa kwenda na waya wa kurudi zisokotwe pamoja, kwa kuwa sumaku inayozaliwa na umeme wa mmoja huuawa na ya mwenzake. Tafsiri inazungumzia "nyaya zilizopotoka". Fundi alizitafuta nyaya zilizopotoka ili azitupe. Kusokota ni kitenzi ambacho mtoto wa Pemba hukijua kabla hajaingia shule, maana amemwona babu yake akisokota kamba. Hatuelewi kilimpitia wapi mfasiri.

Tumelibakiza kosa lililo kubwa kuliko yote, nalo ni la istilahi hasa. Dira hukosa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya dunia: ncha ya kaskazini ya sumaku haipo mahali pamoja na ncha ya kaskazini ya dunia, kwa hiyo kila mahali pana tofauti yake, ambayo huandikwa katika ramani za bahari, kwetu Pemba ni nyuzi chache kuelekea magharibi. Tofauti hii ni moja kwa vyombo vyote vilivyo mahali pamoja, na kihisi kifungwe popote haibadiliki. Sababu ya pili ni ya chombo chenyewe: chuma na umeme uliomo ndani. Hii hutofautiana chombo kwa chombo, na katika chombo kimoja hubadilika kila omo inapogeuka. Matthew Flinders aliiona katika safari yake ya Australia ya miaka ya 1801 hadi 1803, na George Airy aliifanyia majaribio mwaka 1838 katika meli ya chuma iliyoitwa Rainbow. Kiingereza kina maneno mawili kwa mambo haya mawili. Mfasiri wetu ana moja, mchepuko, kwa yote mawili.

Tuliache kando lile jambo la kwamba neno mchepuko, katika midomo ya vijana, limepata maana ambayo mwalimu hawezi kuitamka darasani bila kucheka na wanafunzi wake. Hatari ni nyingine. Msomaji wa tafsiri anaambiwa, ukurasa wa pili, kwamba mchepuko umo katika ramani. Ukurasa wa tatu anaambiwa kwamba mchepuko lazima upimwe baada ya kufunga kihisi. Mtu mwenye akili timamu atasema, kwa nini nipime kitu kilichokwisha kuandikwa? Ndivyo alivyosema fundi wetu, na hakupima. Alikuwa amekifunga kihisi tezini, ndani ya sanduku la viti, kando ya mnyororo wa nanga ya akiba. Omo ilipoelekea kusini, kihisi na dira ya mkono vilihitilafiana kwa nyuzi 6. Katika mwendo wa maili 30 kosa hilo humtoa mtu njiani kwa maili 3.

Twapendekeza "mkengeuko wa dunia" kwa jambo la kwanza na "mkengeuko wa chombo" kwa la pili. Jina la kwanza lamwambia nahodha atazame ramani. La pili lamwambia fundi atazame mikono yake. Istilahi zinazofanana mno huchanganywa, tunajua, lakini hizi zinatenganishwa na neno lile lile linaloonyesha kosa limetoka wapi, na mtu hawezi kulisahau.

Upimaji huo nao umepewa jina la ajabu: "bembeza dira". Kinachozungushwa ni chombo. Siku ya maji matulivu nahodha hukizungusha polepole, duara kamili, kila duara kwa dakika mbili au zaidi, ili ubongo wa mashine ukiona chuma cha chombo kutoka kila upande na kukitoa katika hesabu. "Kuzungusha chombo" yatosha. Mtu aliyembembeza kihisi chake kama mtoto mchanga amepoteza asubuhi yake.

Makosa mengine tutayapita haraka. Neno la Kiingereza la kulala upande kwa chombo ni sawa na lile la kisigino cha mguu, na mfasiri amechagua kisigino: "kosa la kisigino huongezeka upepo ukiwa mkali". Tunashuku kwamba hapa ilitumika mashine ya kufasiri, na kama ndivyo, hapakuwa na mtu aliyeisoma kazi yake. Pia sehemu inayohusu vyombo vya bati la chuma imerukwa yote. Hilo si dogo, kwa sababu katika vyombo hivyo kanuni hugeuka: kihisi hakikai chini katikati ya chuma, bali hupandishwa juu ya sitaha au mlingotini, na hasara ya mtikisiko huvumiliwa ili kukimbia hasara ya chuma. Mwenye chombo cha bati akiifuata tafsiri hii kwa makini, makini yake ndiyo yatakayomponza.

Tulikaa na fundi na nahodha mmoja mzee, tukaiandika upya sehemu ya mahali. Mzee alikuwa akitukatiza kila tulipoanza kuandika kama watu wa ofisini. "Wanangu," alisema, "semeni kitu kiko wapi, kisha mnyamaze." Tulifika hapa:

"Kihisi cha dira kifungwe katika kiambaza kilichosimama wima, katikati ya chombo au nyuma yake kidogo, karibu na usawa wa maji lakini juu ya ngama, mahali ambapo mrama na kupanda kwa omo ni kudogo kuliko kwingine. Mshale wake uelekee omoni, sambamba na mkuku. Kiwe mbali na dira nyingine na spika kwa mita 1 au zaidi. Mbali na injini, nanga, minyororo na betri kwa mita 2 au zaidi. Kitiwe skrubu za shaba. Nyaya za umeme mwingi zinazopita karibu zisokotwe pamoja, wa kwenda na wa kurudi. Kazi ikiisha, chombo kizungushwe ili kupima mkengeuko wa chombo. Chombo kikiwa cha bati la chuma, maelekezo haya yasifuatwe. Tazama sehemu ya mwisho."

Neno moja bado halijaturidhisha. Kiambaza ni la nyumba, na fundi wetu, ingawa alilielewa mara moja, mwenyewe husema "ule ubao wa kati", maneno ambayo kwa mashua nyingine yangeweza kumaanisha kitu kingine. Wasomaji wa Tumbatu, Mafia, Lamu na kwingineko walio na jina la ubao huo watuandikie, wakitaja mahali walipolisikia na aina ya chombo.